Barua ya wazi kwa wakuu wa kitivo chetu: insha zetu za Kiingereza zinapimwa, hazisomwi

Lubumbashi

Kwa Bwana Mkuu wa Kitivo,
Kwa Bwana Mkuu wa Idara ya Kiingereza,
Kwa maprofesa, ma-CT (chefs de travaux, walio kati ya asistenti na profesa) na maasistenti wote wanaotufundisha kuandika,

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Hii ni barua ya tatu. Ya kwanza niliiandika kwa mkono, nikaipeleka sekretarieti ya idara mwanzoni mwa muhula wa kwanza. Ilipigwa muhuri wa kupokelewa na nakala yake ninayo. Ya pili tuliitia sahihi watu 61 wa promosheni, yaani darasa letu la mwaka mmoja. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa mdomo, mlangoni, na asistenti aliyekuwa tayari ameshika funguo za kufunga ofisi: "Mambo yenu yanaangaliwa." Yaliangaliwa mpaka matokeo yakabandikwa kwenye valvu, ubao wa matangazo. Ndiyo maana leo ninaandika mahali ambapo kila mtu anaweza kusoma.

Siandiki ili kuwavunjia heshima. Ninyi ni walimu wetu, na baadhi yenu mmewafundisha hata kaka na dada zetu. Wala sisemi kwamba hamjui Kiingereza au hamjui kufundisha. Shida yetu ni moja: tunaandika insha, tunapewa namba, na hakuna anayetuambia namba ile imetoka wapi wala tufanye nini ili insha ya kesho iwe bora. Vijana wanaokaa nyuma ya oditwari, ukumbi wa mihadhara, wana namna yao ya kulisema hilo: "Kopi yetu banaipimaka kwa kilo, sawa nyama." Tunacheka. Ikifika sesheni ya pili, ile ya kurudia mitihani, hakuna anayecheka.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Namba bila neno

Mwaka wa kwanza niliandika insha ya kurasa nne kuhusu watu wanaohama vijijini kuja mjini. Nilijitahidi kweli. Ilirudi ikiwa na 9/20 juu, kwa biki nyekundu, na chini ya ile 9 neno moja la Kifaransa: "Vu." Imeonwa. Katika kurasa zote nne kulikuwa na alama moja tu, duara lililozunguka neno "Actually" nililoanzia aya ya pili. Pembeni hapakuwa na neno lolote, hata alama ya kuuliza.

Nilidhani nimekosea herufi. Nikafungua kamusi, nikakuta herufi zote zipo. Basi nikadhani labda mwalimu amelipenda. Nikaendelea kulitumia kwa miaka miwili.

Mwaka jana nilipata kibarua cha saa chache kwa deklaranti mmoja, wakala wa forodha anayeshughulikia malori ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kazi yangu ilikuwa kuwaandikia wateja wa Zambia ujumbe wa Kiingereza. Siku moja nikamwandikia mteja wa Kitwe: "Actually the truck is in Chililabombwe." Mimi, niliyekuwa nimebeba "actuellement" ya Kifaransa kichwani, nilitaka kusema kwamba kwa sasa lori liko Chililabombwe. Yeye akasoma kitu kingine: kusema kweli lori liko Chililabombwe, yaani yale tuliyomwambia jana yalikuwa uongo. Alipiga simu akifoka. Bosi akanikabidhi simu, nijieleze mwenyewe. Hasira zilipompungua, Mzambia yule akanifafanulia neno hilo kwa dakika mbili, na sijalikosea tena.

Aliyechora lile duara alilijua kosa. Aliliona kabla ya mteja wa Kitwe. Lakini alichokijua alibaki nacho mwenyewe, mimi nikapata duara.

2. Kopi zisizorudi

Ile yenye duara angalau ilirudi. Tangu mwaka wa pili kopi za mtihani hazirudi kabisa, na zile za TP (kazi za mazoezi) zinatolewa baada ya deliberasyo, kikao cha walimu cha kuamua matokeo, zikiwa rundo kwenye korido, kila mtu ajitafutie yake. Nyingi haziokotwi.

Mwezi wa tatu nilinunua karanga za faranga 500 karibu na geti. Mama muuzaji alizifunga kwenye karatasi yenye mistari. Nilipomaliza kula nikaikunjua: ilikuwa insha ya Kiingereza ya mtu wa promosheni iliyotutangulia, kuhusu faida na hasara za simu. 7/20. Hapakuwa na alama nyingine. Niliisoma yote, ila pale mafuta ya karanga yalipokuwa yameshaingia. Utangulizi ulikuwa wa kukariri. Lakini aya ya tatu, jamani! Alieleza jinsi bibi yake wa Kipushi, nkambo kama tunavyosema huku, anavyovaa kitambaa kipya kila Jumapili kabla ya kupokea simu ya mwanawe aliyeko Johannesburg, kana kwamba mwana atamwona. Aya ile ilipaswa kuwa mlango wa insha nzima. Mtu angemwandikia pembeni, "Anzia hapa," ndugu yule angejua ana kipaji gani. Naogopa kwamba msomaji wake wa kwanza ni mimi, na nilimpata kwa sababu nilikuwa na njaa.

Sahihisho linalotoka baada ya deliberasyo halimsaidii mtu. Kozi imekwisha, mwalimu amehamia promosheni nyingine, na mwanafunzi anataka kujua kitu kimoja tu: amepita au hajapita.

3. Masharti tunayoyajua tukiwa tumeshaanguka

Sekondari tulifundishwa disertasyo, insha ya hoja ya Kifaransa, ileile inayosubiriwa kwenye hors-session, sehemu inayotangulia Mtihani wa Taifa wenyewe wa kumaliza sekondari. Unaanzia mbali, unaleta swali, unajenga upande mmoja, unaupinga kwa upande wa pili, na msimamo wako unaufunika mpaka mwisho, kama bibi harusi. Insha ya Kiingereza inataka bibi harusi aingie uso wazi: aya ya kwanza iseme unadai nini, na kila aya inayofuata ifunguke kwa sentensi inayobeba wazo lake. Zote mbili ni njia halali za kufikiri. Ila ni njia mbili, na sisi tuliingia idara hii tukiijua moja tu.

Hakuna aliyetuambia. Nililigundua siku nilipokuwa nasubiri sahihi mbele ya meza ya asistenti, nikasoma gridi yake ya kupimia kichwa chini miguu juu: msimamo wazi pointi 5, mpangilio 5, hoja na mifano 4, sarufi 4, msamiati 2. Nilikuwa nimemaliza miaka miwili nikihangaika na sarufi tu, nikiamini ndiyo inayokula pointi zote 20. Karatasi ile haikuwa siri ya serikali. Ingebandikwa kwenye valvu mwezi wa kwanza, watu 112 wangejua wanatafuta nini.

4. Woga

Hili ndilo linaloniuma zaidi, na ndilo gumu kulionyesha kwa pointi.

Nina rafiki anayezungumza Kiingereza kwa raha. Amekulia kwa mjomba wake Ndola, akisimulia jambo watu wanasogeza viti. Mpe karatasi: anaandika sentensi za maneno sita sita, kama mtoto anayejifunza kuhesabu. Nilimwuliza kwa nini. Akanijibu: "Sentensi fupi haina fasi ya kukosea." Amejifunza hapa hapa kwetu kwamba kinachoonwa ni kosa peke yake. Wazo zuri halijawahi kumpatia hata mstari mmoja pembeni, kwa hiyo ameacha kuyaleta mawazo.

Wengine wamepata dawa nyingine. Kwenye sekretarieti publiki za jirani, pale penye fotokopi, unanunua utangulizi ulio tayari, unaoanza na "Nowadays, in our modern world", unaufaa uchafuzi wa mazingira, ndoa na mpira wa miguu vilevile. Mwaka huu nimeuona kwenye kopi tano za wenzangu. Waliutumia wakapata 10, wakaridhika, maana hakuna aliyewaambia wangeweza kupata zaidi wala kwa njia gani.

Na kuna lile la kusomwa kwa sauti. Waheshimiwa, mnajua nazungumzia nini. Sentensi mbovu inasomwa mbele ya oditwari nzima, jina la mwenyewe linatajwa, kisha linafuata swali la kijiji gani alikotoka. Mtasema huo nao ni mrejesho. Mwaka 1996 watafiti wawili, Kluger na DeNisi, walikusanya tafiti nyingi kuhusu mrejesho, wakakuta katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo mrejesho ulishusha kiwango cha kazi badala ya kukipandisha. Maelezo yao ni kwamba maneno yakimfanya mtu ajifikirie yeye mwenyewe badala ya kuifikiria kazi iliyo mbele yake, nguvu ya mrejesho inapungua. Dada aliyetajiwa kijiji siku ile hajakosa tena sentensi ile. Hajaandika tena sentensi ndefu pia.

5. Rekuru

Kifupi tu. Rekuru, yaani malalamiko rasmi juu ya pointi, kwetu inajumlisha pointi upya, haifungui kopi. Mtu akiuliza kwa nini amepata 8, anajibiwa kwamba 8 imejumlishwa sawasawa.

Sasa nayajua majibu, kwa sababu tumeyasikia kwenye korido.

Mtasema tuko wengi. Kweli, tuko 112 na maasistenti wa kozi ni watatu. Nilipiga hesabu. Dakika 10 kwa kila kopi ni dakika 1,120, yaani saa 18 na dakika 40. Zigawe kwa watatu, kila mmoja ana kama saa 6 na robo. Ni nyingi, sikatai, tena kwa watu ambao umeme unawakatikia jioni. Lakini nani amesema insha nzima lazima ijazwe wekundu? Chukueni aya moja, ile ya kwanza au yoyote mtakayoichagua, dakika 4 kwa kila mtu. Inakuwa kama saa 7 na nusu, na kila asistenti anabaki na saa 2 na nusu kwa muhula mzima. Aya moja iliyosomwa kweli inatutosha kuanzia.

Mtasema mishahara. Hapo sina la kubisha. Maasistenti wanastahili kulipwa vizuri na kwa wakati, na siku mtakapoandika barua yenu kwenda Kinshasa kuhusu jambo hilo, tutatia sahihi chini yake. Ila mtu anayepata muda wa kuandika "Vu" anaweza kuandika maneno mengine matano.

Mtasema, kama mheshimiwa mmoja alivyotuambia ofisini, kwamba hata wataalamu wenyewe wanasema kusahihisha hakusaidii. Alimtaja John Truscott, mtafiti wa ufundishaji wa lugha. Tulitoka tumenyamaza, kisha nikaenda kumsoma. Ni kweli, mwaka 1996 Truscott aliandika kwamba kusahihisha sarufi katika madarasa ya uandishi wa lugha ya pili hakufai, tena kunaweza kudhuru, na kuachwe. Lakini alikuwa anazungumzia sarufi. Kurudisha kopi bila neno lolote kuhusu hoja na mpangilio, hilo silo alilolitetea. Na mjadala haukuishia kwake: mwaka 1999 Dana Ferris alimjibu kwamba hukumu ile imetolewa mapema mno, na baadaye huko New Zealand John Bitchener alichagua jambo dogo moja, matumizi ya "a" na "the", wanafunzi wakasahihishwa hilo tu, na usahihi wao ukapanda. Jambo moja kwa wakati. Sisi ambao Kiswahili chetu hakina kabisa vijineno hivyo, na Kifaransa chetu kinavitumia kwa namna yake, tungefaidika na zoezi la namna hiyo kuliko maduara hamsini yasiyo na maelezo. Kwa hiyo nikimsoma Truscott vizuri, naona ananisaidia mimi: wekundu mwingi usio na mpango ni kazi bure, basi punguzeni wekundu, ongezeni maneno.

Mtasema wanafunzi wavivu, wananakili, siku hizi hata programu za akili mnemba kwenye simu zinawaandikia. Wapo, siwatetei. Lakini namba tupu ndiyo inayomfaa mdanganyifu, kwani haimwulizi kitu. Mtu aliyeandika rasimu darasani, akapewa swali juu ya aya yake ya pili, akatakiwa kuiandika upya wiki inayofuata mbele ya asistenti, huyo atanunua nini kwenye fotokopi?

Mtasema kalenda imebana. Mlipotuingiza kwenye LMD, mfumo wa digrii tatu (licence, master, doctorat) uliosambazwa nchini kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, mlitueleza kwamba kazi binafsi ya mwanafunzi inahesabiwa ndani ya krediti. Kuandika insha upya nyumbani ndiyo kazi binafsi yenyewe. Haihitaji hata saa moja ya oditwari.

Tunayoomba ni haya, na tumeyapunguza mpaka yakabaki yanayowezekana muhula huu.

Kwanza, gridi ya upimaji ibandikwe kwenye valvu kabla ya insha ya kwanza, pamoja na insha moja nzuri na moja ya wastani zilizopimwa kwa gridi hiyo, majina yakiwa yamefutwa. Tuone 14 inafananaje.

Pili, walau insha moja kila muhula irudi ndani ya wiki mbili bila namba, ikiwa na mambo matatu tu: kilichofaulu, jambo moja la kurekebisha, na namna ya kulirekebisha. Tuiandike upya, na toleo la pili ndilo lipewe pointi. Naomba hapa msikilize kwa makini, kwa sababu tunajua mtashawishika kuweka namba na maneno pamoja ili kumaliza kazi mara moja. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha jaribio alilofanya na watoto wa shule ya msingi huko Israeli. Waliopewa maoni peke yake kazi yao ilipanda. Waliopewa namba pamoja na maoni hawakupata faida ile, walikuwa kama wenzao waliopewa namba tupu. Wale walikuwa watoto, na kazi zao hazikuwa insha, lakini simameni kwenye korido yetu siku kopi zinapotolewa: kila mtu anatazama juu kulia, anaona namba, anakunja karatasi.

Tatu, kopi za mtihani zifunguliwe siku moja kabla ya deliberasyo, mtu aione yake mbele ya asistenti na airudishe papo hapo. Anayeona haki imetendeka hataleta rekuru, nanyi mtapumzika.

Nne, kusoma sentensi za watu kwa majina kuishe. Makosa yasomwe, tunayahitaji, ila bila mwenyewe na bila kijiji chake.

Kwa upande wetu tumejipanga. Sepe, kiongozi wa promosheni, ameshagawa promosheni katika vikundi 14 vya watu wanane wanane. Kila kikundi kiko tayari kusomeana rasimu kwa kutumia gridi kabla hazijawafikia, ili makosa ya kijinga tuyamalize wenyewe. Anayeona ni rahisi kusema kuliko kuandika, aturekodie sauti ya dakika moja kwenye WhatsApp, tutaisikiliza hata mara kumi. Jambo moja tu tunalitanguliza: mpango huu usigeuke sababu ya kuchangisha faranga, wala kuzaa sillabusi (kijitabu cha kozi) mpya ya kununua kwa lazima. Minervali, ada ya masomo, tumeshalipa.

Mnajua kwamba Kiingereza hapa kwetu si pambo. Kasumbalesa iko kilomita kama 90 tu kutoka hapa, na tangu 2022 nchi yetu imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake Arusha yanafanya kazi zaidi kwa Kiingereza. Wengi wetu tutaandika barua za mizigo, ripoti za migodi, maombi ya masomo Lusaka au Dar es Salaam. Watakaozisoma hawatazungusha maduara, watazitupa tu.

Jina langu mnalo. Liko chini ya barua mbili zilizotangulia, pamoja na namba ya simu. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni pa sekretarieti na nakala ya barua hii, ili ipigwe muhuri kama zile nyingine. Nimeacha nafasi ya vidole vitatu kila ukurasa, upande wa kushoto, kwa yeyote kati yenu atakayependa kuandika neno.

Kwa heshima,

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Idara ya Kiingereza, kwa niaba ya watu 61 waliotia sahihi barua ya pili